Tumshone Mama wa Msafara

Hapa kwetu Tabora Krismasi haiji na theluji kama ile ya kwenye kadi. Huja na mvua, maembe na kazi za shamba. Jioni, mvua inapowafungia watoto ndani, ndipo sisi akina mama tunapopata nafasi ya kushika sindano.

Safari hii tuwashonee mwanasesere wa nguo, naye awe mama wa msafara. Watoto wetu hufundishwa juu ya Stanley na Livingstone, waliokaa pamoja Kwihara mwaka 1872. Je, waliobeba mizigo ni nani? Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea toka huku hadi Bagamoyo, zaidi ya kilometa 700, na baadhi yao walifuatana na wake zao. Wanawake hao walibeba vyungu na vyakula, wakapika kambini, tena wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Huyo ndiye tunayemtaka.

Mwili wake ushonwe kwa kitambaa cheusi au cha kahawia, hata cha sketi kuukuu. Nguo yake iwe ya kaniki, maana kaniki ilipita njia hiyohiyo pamoja na merikani, kitambaa kilichopata jina lake kwa kuwa kilitoka Marekani. Vitambaa vyote vifuliwe kwanza, vikauke kabisa na kupigwa pasi.

Kunja kitambaa mara mbili, uchore kwa chaki umbo lenye urefu wa shubiri moja na nusu. Shingo iwe nene. Shingo nyembamba hulegea upesi, kichwa kikaanguka kifuani. Shona kuzunguka mchoro, sindano ikirudi nyuma kidogo kila mara, lakini acha upenyo ubavuni. Kata, pindua, kisha shindilia pamba iliyotolewa mbegu au sufi. Pamba mbichi isitiwe, kwani majira haya huota ukungu ndani. Ziba upenyo kwa uzi wa mara mbili.

Sasa macho. Hapa sisi wauguzi hatutaki mjadala: mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe mwanasesere mwenye vifungo wala shanga. Kila kitu hukipeleka mdomoni, na kifungo kimoja chaweza kuziba njia ya hewa. Macho, mdomo na hata mkufu vidariziwe kwa uzi. Ukimaliza, hesabu sindano na pini zako, kisha mvute mwanasesere kwa nguvu mikono na miguu. Kinachoachia mkononi mwako kitaachia na kwa mtoto.

Mzigo wa kichwani ni furushi dogo la kitambaa, lililoshonewa palepale. Mtoto wa mgongoni naye ashonewe imara ndani ya mbeleko. Wasichana wakubwa watataka kumfungua na kumfunga tena. Kwao tengeneza mbeleko ya kufunga kwa fundo, na mtoto awe mkubwa kuliko ngumi, asije akamezwa na mdogo wao.