Nani Atalala Mjini Nyeri?

Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu wa Kaunti ya Nyeri waliongezeka kutoka 693,558 hadi 759,164. Hilo ni ongezeko la chini ya asilimia 10 kwa miaka kumi, wakati Kenya nzima ilikua kwa zaidi ya asilimia 20. Kirinyaga ilipanda kwa karibu asilimia 16, na Laikipia, upande wa pili wa Mlima Kenya, kwa asilimia 30. Anayetaka kukodi duka mjini Nyeri azitazame hesabu hizi kabla ya kuuliza kodi ya mwezi, na wataalamu wa mipango miji wazitazame kabla ya kuchora ramani. Wateja wapya hawatazaliwa kwa wingi wa kujaza maduka yaliyopo. Itabidi mji uwapate miongoni mwa walioko tayari.

Miji ya eneo hili imepangwa kwa miaka mingi kumhudumia mtu anayefika asubuhi na kuondoka jioni. Mtu huyo anapungua. Fedha zinazokuja za kufufua miji zinapaswa kwanza kumrudisha mkazi katikati ya mji, alale juu ya maduka na anunue mkate hapo chini. Kabro na taa za mulika mwizi ni nzuri, lakini hazinunui mkate.

Nyeri haijawahi kuwa mji wa njiani. Reli iliyotoka Thika ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930 haikuingia mjini; ilipita Kiganjo. Barabara kuu ya kwenda Nanyuki na Isiolo nayo huachana na Nyeri pale Marua. Kwa hiyo aliyefika Nyeri alikuwa na shughuli Nyeri: faili katika ofisi ya mkuu wa mkoa, kesi mahakamani, mgonjwa katika hospitali ya mkoa, mtoto wa bweni. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, na watu wa Kiambu, Murang'a, Kirinyaga na Nyandarua walipanda matatu kuja kufuata saini. Kila saini ilikuwa na chakula chake cha mchana, nakala za vyeti, picha za pasipoti, na mara nyingine chumba cha kulala wageni. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, nyingi ya saini hizo zikahamia Kutus, Ol Kalou, Murang'a na Kiambu. Serikali mpya ya kaunti ilileta ajira zake, ndiyo, lakini wafanyakazi hao wanaishi humu humu na walikuwa wateja tangu awali. Aliyepotea ni mgeni.

Sasa inakuja barabara. Kutoka Kenol hadi Marua, kupitia Makutano, Sagana na Karatina, ni kilomita 84 za njia mbili kila upande, mradi ambao serikali inaugharimia pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa msafirishaji wa mboga na kahawa ni faida tupu, maana lori linafika Nairobi kabla kabeji hazijanyauka. Mwenye hoteli ya kando ya barabara ana hesabu nyingine. Dereva wa Isiolo aliyekuwa akipunguza mwendo kwa sababu ya msongamano, na akiisha kupunguza anaamua kunywa chai, hana tena sababu ya kukanyaga breki. Na wenye vibanda katika hifadhi ya barabara ndio huondoka wa kwanza.

Tumekwisha kuona jambo hili kusini kidogo. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, wengi walitarajia Thika mjini ndiyo itakayonona. Iliyonona zaidi ni Ruiru, iliyopita watu mara mbili ya idadi ya 2009 na kufikia 490,120 katika sensa ya 2019. Lakini fedha za wakazi hao kwa sehemu kubwa ziliteremkia kwenye maduka makubwa yaliyojengwa kando ya barabara hiyo upande wa Nairobi, kama Thika Road Mall na Garden City. Ruiru ilipata watu bila kupata katikati ya mji panapolingana nao. Nyeri iko mbali zaidi, kama kilomita 150 kutoka Nairobi, na hakuna atakayelala Kamakwa, pembezoni mwa Nyeri, na kufanya kazi Westlands, Nairobi, kila siku. Hata hivyo manunuzi makubwa, ya jokofu na kitanda na mabati ya nyumba, yatafuata lami, kwa kuwa bei za Nairobi zitakuwa saa mbili tu kutoka mlangoni.

Jaribio kubwa zaidi la kuupanga upya mji wa Nyeri hadi sasa limekuwa stendi. Kupitia Mpango wa Kuisaidia Miji, KUSP, Benki ya Dunia ilitenga dola milioni 300 kwa miji 59 katika kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Sharti lilikuwa kila mji uwe na hati ya manispaa, bodi, meneja na mpango wake wa maendeleo. Nyeri ilitumia fungu lake kujenga stendi mpya ya matatu pale Asian Quarters, ikaipa jina la Field Marshal Muthoni Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Kama kazi ya ujenzi ni stendi ya kujivunia, na jina lake lilistahili. Msongamano wa matatu katikati ya mji ulipungua. Lakini matatu zilipohama, wenye maduka ya mitaa ya zamani walilalamika kwamba wateja wamehama nazo, na malalamiko yao yalikuwa na hesabu ndani yake.

Ukitaka kuielewa, simama karibu na mlango wa stendi yoyote ya eneo hili saa kumi na moja jioni. Mwalimu anashuka gari la Othaya, ana dakika kumi kabla ya kupanda la Kiganjo. Katika dakika hizo ananunua mkate na maziwa, anatoa pesa kwenye M-Pesa, anachukua nusu kilo ya nyanya kwa mama mboga, na mtoto anamkumbusha kalamu. Hatembei zaidi ya hatua hamsini nje ya njia yake. Duka lililo hatua mia mbili mbali halipo katika jioni yake. Anayeihamisha stendi, kwa hiyo, anahamisha mauzo ya dakika kumi mara maelfu ya abiria, na kama hajatengeneza njia nzuri ya miguu kati ya stendi na maduka ya kale, amegawa mapato ya mji upya bila kukusudia. Wahandisi waliulizwa magari yatapita wapi. Swali la mtu anatembea wapi akishuka lingefaa kuulizwa kwa uzito uleule.

Naamini stendi ilistahili kuhama. Ila safari ya miguu kutoka huko hadi Kimathi Way, katikati ya mji, ilifaa kuwa sehemu ya mradi tangu mwanzo: imulikwe, iwe pana ya watu wawili kupishana na mkokoteni, na milango ya biashara iitazame pande zote mbili. Hilo bado linawezekana, na ni la gharama ndogo kuliko stendi yenyewe.

Sasa tutazame majengo. Katika mitaa ya kale ya miji hii bado yako yale ya mtindo wa kwanza: kuta za mawe, paa la mabati, baraza mbele, duka katikati, na nyuma yake vyumba na ua ambamo familia ya mwenye duka iliishi. Wahindi waliokuja na biashara mwanzoni mwa karne iliyopita, Osman Allu akiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa Nyeri, hawakutenganisha kulala na kuuza. Leo chumba cha nyuma ni stoo, na duka lenyewe limekatwa vijiduka vinne vitano vya simu, viatu na nywele, kila kimoja na kodi yake. Majengo mapya ya orofa yamejaa mawakili, vyuo vidogo na makanisa juu, na jua likitua yanabaki giza. Mwenye duka la chini naye anashusha mlango mapema, maana nani atanunua?

Watu wamelala wapi? Wako Kamakwa, Skuta, King'ong'o, Ruring'u na Gatitu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wako kwenye vituo vya biashara vinavyozunguka chuo chao, ambako mabweni ya kupangisha yameota kwa kasi. Hizi ndizo pembezoni zinazokua. Zina fleti, baa, nyama choma na vinyozi katika mstari mmoja unaotazama barabara, boda boda mbele, mtaro wazi kati yake. Hazina soko la maana wala mahali pa kukaa. Mama mwenye mtoto mgongoni anatembea kwenye ukingo wa lami.

Umbo hilo halikutokana na mpango wa biashara. Vituo vingi vidogo vya Nyeri vilianza kama vijiji vya hali ya hatari vya 1954 na 1955, serikali ya kikoloni ilipowasomba Wakikuyu zaidi ya milioni moja na kuwatia katika vijiji zaidi ya 800, wazingirwe na kulindwa. Hali hiyo ilipokwisha wengi walirudi mashambani. Duka, shule na kanisa vilibaki pale pale, na ploti zikabaki nyembamba. Kuvipanga upya vituo hivi ni kazi ya kuwashawishi wenye ploti mmoja mmoja, na imeshafanyika jirani. Laikipia, wakati wa gavana Ndiritu Muriithi kati ya 2017 na 2022, ilichukua vituo kama Wiyumiririe na Ol Jabet, ikawataka waliojenga ndani ya hifadhi ya barabara warudi nyuma, kisha ikaweka kabro, mitaro, maegesho na njia za miguu. Mwenye duka alipoteza kibaraza akapata mlango mkavu wakati wa mvua. Nyeri inaweza kuanza na Skuta na King'ong'o.

Karatina ina bahati ambayo Nyeri haina: soko. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukaushia mboga za askari, na wakulima wa Mathira wakazoea kulima kwa ajili ya kuuza. Kiwanda kilifungwa, mazoea yakabaki. Hadi leo karoti, kabeji na viazi vya Kieni, ndizi na nyanya za Kirinyaga hukutana hapo, na wanunuzi wa Nairobi huja na malori yao. Mji wenye soko la namna hiyo hautishwi sana na barabara mpya. Hatari yake ni kwamba lori litajazwa moja kwa moja shambani au kwenye soko lililo kando ya lami, kama Chaka, na Karatina ibaki na uchafu wa soko bila biashara yake. Ghala la baridi, maji ya kuoshea mboga na mahali pa kupima na kufunga mizigo ndivyo vitakavyomfanya mnunuzi aendelee kuingia mjini.

Nikirudi kwenye makazi, kuna kitu kinachoamua zaidi ya ramani yoyote: bomba la maji taka. Fleti ya orofa tano haijengwi juu ya choo cha shimo. Hapa Nyeri iko mbele ya miji mingi ya Kenya. Kampuni yake ya maji, Nyewasco, imeongoza mara kadhaa orodha ya mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, na katikati ya mji mabomba tayari yapo. Kujenga nyumba mpya mbali na mabomba hayo, huku ploti za katikati zikibaki na mabati ya orofa moja, ni kulipia mtandao mara mbili. Serikali inapojenga nyumba za bei nafuu Blue Valley, inafaa wakati huohuo iwarahisishie watu binafsi kujenga vyumba viwili vitatu juu ya maduka yao.

Kwa nini hawajengi? Mara nyingi kwa sababu ploti ingali kwa jina la babu. Wajukuu kumi na wawili wanagawana kodi, hakuna hata mmoja anayeweza kwenda benki na hati, na kesi ya urithi inazeeka. Ugawaji wa ardhi ya futi hamsini hauwezekani. Lakini Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inamruhusu kila mmoja apate hati ya sehemu yake ndani ya jengo moja, mmoja duka la chini, mwingine fleti ya tatu. Ni dawa iliyotengenezwa kana kwamba kwa ajili ya mitaa hii. Bodi ya manispaa ingefanya jambo la maana kwa kuweka dawati moja la wakili, mpima ardhi na msuluhishi, familia ziletewe huduma hiyo kwa ada ndogo.

Halafu kuna kodi ya ardhi. Kaunti nyingi za Kenya hutoza kwa thamani ya kiwanja bila kuhesabu jengo, na orodha za thamani hizo zimekuwa za miongo iliyopita, kiasi kwamba mwenye ploti ya katikati ya mji hulipa kidogo kuliko anachokusanya kwa kijiduka kimoja. Sheria ya kitaifa ya kodi ya ardhi ya 2024 inalazimu thamani zipitiwe upya. Zikipitiwa Nyeri, kuachia kiwanja cha Kimathi Way kikae na mabati kutaanza kugharimu. Wengi watakaoumia ni wazee wenye ploti lakini wasio na fedha mkononi, na Bunge la Kaunti litawasikia, kama inavyopaswa. Linaweza kuwapa nafuu ya miaka mitatu kwa yeyote atakayeleta ramani iliyoidhinishwa ya nyumba za kuishi juu ya duka, na ujenzi uwe umeanza kabla ya muda huo kwisha. Asiyejenga alipe yote, pamoja na nafuu aliyopewa.