Ngozi Kavu na Bei ya Gramu Moja

Mafuta bora ya ngozi kavu ni yale unayoweza kujipaka asubuhi na jioni bila kuyabania. Jibu hilo huwakatisha tamaa wengi wanaoniuliza, hasa kipupwe kinapoingia na miundi kuanza kupauka kuanzia Makete hadi Limuru, kwa sababu walitarajia niwatajie jina la kopo. Mimi huwauliza kwanza kopo walilo nalo linachukua muda gani kuisha. Mwenye ngozi kavu ambaye gramu 100 za losheni zinamtosha miezi miwili bado hajajipaka; amejigusa tu. Kabla hajatafuta losheni ya bei kubwa zaidi, ajue ngozi yake inataka nini, na inataka kiasi gani.

Ukavu na muwasho huandamana

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi katika sehemu nyingi za mwili. Limejengwa kama ukuta wa mawe na chokaa: mawe ni seli zilizokufa na kubanana, chokaa ni mafuta ya asili ya ngozi, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo yakipungua, maji yaliyo ndani ya ngozi hutoroka, na vitu vya nje kama sabuni, manukato na vumbi hupata upenyo wa kuingia. Ndiyo sababu mtu yuleyule mwenye ngozi kavu hulalamika pia kwamba kila losheni mpya inamchoma.

Vitabu vingi vya tiba vimeeleza ngozi iliyokereka kwa kutaja wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Tazama mpauko wa kijivu usioondoka hata baada ya kuoga, ukwaruzo unaposhika kwa kiganja, mistari myembamba kwenye miundi, na madoa meusi yanayobaki mahali ulipojikuna.

Kipodozi cha kulainisha ngozi hufanya kazi moja au zaidi kati ya tatu. Kuna viambato vinavyovuta maji na kuyashika, kama gliserini na yurea. Kuna vinavyojaza nafasi kati ya seli na kuilainisha ngozi, kama mafuta ya mimea na seramidi. Na kuna vinavyofunika juu ili maji yasitoke, na hapa hakuna kinachoyapita mafuta ya mgando. Losheni ya bei kubwa mara nyingi ni mchanganyiko wa aina hizo tatu, pamoja na maji mengi, harufu na chupa ya kupendeza.

Vya bei nafuu vilivyo dukani

Mafuta ya mgando yamekuwa sokoni tangu Robert Chesebrough, mkemia wa Marekani, alipopata hataza yake mwaka 1872, na bado ndiyo kipimo ambacho vifunikaji vingine hulinganishwa nacho. Kwa kuwa hayana maji, hayahitaji vihifadhi, na ni nadra mtu kupata mzio kwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Yana kasoro mbili. Hayaongezi maji yoyote. Yanayafungia yale yaliyopo, kwa hiyo ukijipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka utang'aa tu huku ukavu ukibaki. Pia hunata, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa yanaweza kuziba vinyweleo na kuleta vipele. Chunguza pia makopo yaliyoandikwa kuwa ni ya watoto, kwani mengi yametiwa manukato.

Gliserini huuzwa katika chupa ndogo kwenye maduka ya dawa. Haipakwi kavukavu. Weka matone machache kiganjani, changanya na maji, jipake mwili ukiwa bado na unyevu, kisha funika kwa mafuta ya mgando kidogo. Mchanganyiko huo rahisi unavuta maji na kuyafungia kwa wakati mmoja. Usiujaze kwenye chupa na kuuhifadhi kwa wiki kadhaa, maana maji yasiyo na kihifadhi huotesha vijidudu. Wanaopenda kutia marashi ya waridi wajue kwamba harufu hiyo inaweza kuwa ndiyo inayowawasha.

Krimu yenye yurea ya asilimia 5 hadi 10 hufaa kwa miundi na viwiko vilivyokakamaa. Kwa magaga ya miguuni zipo zenye kiwango cha juu zaidi. Ila yurea huchoma kwenye ngozi iliyopasuka au iliyokunwa, na usoni mwa mtoto haifai.

Kwenye mafuta ya mimea, jikoni kuna hazina na kuna mtego. Mafuta safi ya nazi yana ushahidi mzuri: utafiti uliofanyika Ufilipino kwa watoto 117 wenye pumu ya ngozi, uliochapishwa 2014, uliona yakifanya vizuri kuliko mafuta ya madini kwa kipindi cha wiki nane. Mafuta ya alizeti, yanayokamuliwa kwa wingi Singida na Dodoma, yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi huitumia kujenga kinga yake. Mafuta ya zeituni, yenye sifa kubwa na bei kubwa zaidi, ndiyo mtego: utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kuyapaka kila siku kunadhoofisha tabaka la juu la ngozi. Siagi ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na hupakika vizuri, mradi iwe safi, isiyochanganywa na harufu.

Je, krimu za seramidi zinafaa? Zinafaa, na anayezimudu azitumie. Lakini kabla hujajinyima kwa ajili yake, fikiria matokeo ya jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol na kuchapishwa 2022. Watoto 550 wenye pumu ya ngozi waligawiwa losheni, krimu, jeli au marhamu. Baada ya wiki 16 hakuna aina iliyoishinda nyingine. Wazazi walitofautiana katika walichokipenda, na watafiti walihitimisha kwamba mgonjwa apewe nafasi ya kuchagua kile atakachokitumia.

Piga hesabu kwa gramu

Wataalamu wa ngozi hutumia kipimo rahisi: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mwisho wa pingili ya kwanza ni kama nusu gramu. Mguu mmoja wa mtu mzima, pamoja na wayo, unahitaji vipimo 8. Mkono mmoja na kiganja chake, vipimo 4. Miguu miwili na mikono miwili ni vipimo 24, yaani gramu 12 kwa kujipaka mara moja. Asubuhi na jioni ni gramu 24. Kopo la gramu 100 basi ni la siku nne.

Sasa tuseme kopo hilo ni la krimu ya seramidi na linauzwa shilingi 18,000, na kando yake kuna ndoo ndogo ya krimu ya kawaida, gramu 500 kwa shilingi 20,000. Machoni kopo dogo ndilo nafuu. Gawanya bei kwa gramu: la kwanza ni shilingi 180 kwa gramu, la pili ni 40. Kwa siku moja ni shilingi 4,320 dhidi ya 960. Anayenunua kopo dogo ataanza kubania siku ya pili, na faida ya seramidi zake itaishia hapo. Ukitaka kuchanganya vyote viwili, krimu ya ghali ibaki ya uso, na mwili upewe kile cha bei ya chini kwa wingi.

Soma nyuma ya kopo

Mbele ya kopo huandikwa ahadi; nyuma huandikwa yaliyomo, kwa kawaida kuanzia kilicho kingi. Ukikuta "glycerin", "petrolatum", "paraffinum liquidum" au "urea" karibu na mwanzo, kuna kitu cha maana ndani. "Petrolatum", yaani mafuta ya mgando, na "paraffinum liquidum" ni parafini zilizosafishwa kwa matumizi ya ngozi. Si mafuta ya taa. Ukikuta "parfum" au "fragrance" popote na ngozi yako ni nyepesi kuwashwa, rudisha kopo rafuni. Neno "unscented" peke yake halitoshi, kwani harufu inaweza kuwa imefunikwa kwa harufu nyingine; tafuta "fragrance-free". Kihifadhi kiitwacho "methylisothiazolinone" nacho ni chanzo kinachojulikana cha mzio.

Marhamu ya "emulsifying ointment" na krimu ya "aqueous cream" zinazouzwa kwa bei nafuu zina "sodium lauryl sulfate", kiambato cha sabuni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba "aqueous cream" ikiachwa mwilini inaweza kuwasha, hasa kwa watoto wenye pumu ya ngozi. Zitumie kuogea badala ya sabuni, kisha uzisuuze.

Kopo jipya lijaribiwe kabla ya kupakwa mwili mzima. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa wiki moja. Pasipowasha wala kutoa vipele, endelea.

Bafuni ndiko kazi inakoanzia

Sabuni ya mche ina pH ya kama 9 au 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Sabuni ya namna hiyo huondoa uchafu pamoja na mafuta ya asili. Osha kwa sabuni kwapa, sehemu za siri na miguu. Kwingine maji yanatosha siku nyingi. Maji yawe vuguvugu. Dodoki lipumzike mpaka ngozi itulie. Jifute kwa kugusagusa, na jipake ndani ya dakika chache, kabla unyevu haujakauka. Ukichota kwenye kopo, tumia kijiko safi ili usiingize vijidudu.

Marhamu na krimu zenye parafini zikikauka kwenye nguo na mashuka huyafanya yawake haraka yakiguswa na moto, na kufua hakuondoi hatari yote. Anayejipaka kwa wingi akae mbali na jiko la mkaa, kibatari na sigara.

Kinachofanya kazi upesi mno

Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, inayopimwa sokoni na kuondoa mpauko kwa siku tatu huku ikikung'arisha, ihofu. Huenda ni mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni, au ina dawa kali za steroidi kama betamethasone na clobetasol. Steroidi hutuliza muwasho kweli, na zina nafasi yake hospitalini kwa muda na kipimo maalumu. Zikipakwa kila siku kama losheni huikondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi, na ukiziacha ghafla ukavu hurudi kwa hasira. Nchini Tanzania, vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Nchini Kenya ni kazi ya shirika la viwango la huko, KEBS. Nunua kopo lenye alama ya ubora, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho.

Jipe wiki mbili hadi nne za kujipaka kwa wingi, mara mbili kila siku; usipopata nafuu, nenda hospitali. Nenda mapema zaidi ukiona majimaji, usaha au magamba ya manjano, ngozi ikiuma na kuwa ya moto, muwasho ukikunyima usingizi, au watu wa nyumba moja wakianza kujikuna usiku, maana huo unaweza kuwa upele. Huhitaji kusubiri daktari bingwa wa mji mkubwa: kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa magonjwa ya ngozi tangu 1992, na baadhi yao wako katika hospitali za mikoa na wilaya. Nenda na makopo yako yote, hata yale ya mkorogo. Tabibu atajifunza zaidi kutoka kwenye lebo hizo kuliko kutoka kwenye maelezo yako.