THELUJI YA DESEMBA MLIMANI KILIMANJARO: TUIPIME KABLA YA KUPANDA

Kila unapokaribia mwezi wa Desemba hawakosekani vijana wanaokuja kutuuliza habari za kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengi huchagua tarehe 9, sikukuu ya Uhuru, kwa kuwa ni Desemba ya mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipoufikisha Mwenge wa Uhuru na bendera yetu kileleni. Nia ni njema. Lakini tarehe hiyo huangukia katika vuli, wakati theluji mpya inapoanza kushuka, na hapo ndipo sisi wauguzi tunapokuwa na neno.

Kwetu Newala mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Upande wa Moshi ni misimu miwili: vuli ya Novemba na Desemba, na masika ya Machi hadi Mei. Mvua ile ile inayolowesha migomba ya Marangu, huko juu Kibo huwa theluji. Kwa sababu hiyo nyakati za kuaminika zaidi ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na tena mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Anayeweza kungoja mpaka Januari, na angoje.

Asiyeweza kungoja ajifunze kupima. Mkulima wa uwanda wetu wa Makonde hapandi mahindi kwa mvua moja ya Novemba. Hutazama kama zinafuatana. Theluji nayo ni hivyo. Barafu ya kudumu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912, na weupe mwingi unaoonekana kutoka Moshi ni theluji ya juzijuzi, ambayo huweza kuyeyuka kwa siku chache au kuongezeka usiku mmoja. Hivyo kuuona mlima mweupe asubuhi moja hakukuambii kitu. Utazame asubuhi kadhaa mfululizo, mapema kabla ya mawingu kuufunika: je, weupe unateremka au unarudi juu? Ukiteremka kila siku hadi kukaribia kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700, ahirisheni.

Zaidi ya macho, ulizeni. Kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa hakuruhusiwi, basi mtumieni. Waongozaji na wapagazi walioshuka jana ndio wenye habari: theluji ilifika kwenye kifundo cha mguu au kwenye goti? Njia ya kutoka Gilman's Point hadi kilele cha Uhuru ilionekana au ilifunikwa? Habari ya wiki iliyopita haifai. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, kwenye mita 3,720, kwa hiyo kuuliza kumekuwa rahisi. Sikilizeni pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Theluji ya mwanzo wa msimu ina hila moja: ni nyembamba, na chini yake kuna changarawe inayoteleza. Ndiyo maana watu huondoka Kibo usiku wa manane, ardhi ikiwa imeganda, na kugeuka kabla jua halijailegeza. Barafu pia hushika mawe, na ikilegea huyaachia. Januari 2006 mawe yaliyoporomoka katika njia ya Western Breach yaliua Wamarekani watatu.

Sasa tuje kwenye mwili. Sisi wa hapa tunaona baridi ya Julai kuwa kali, nasi hatufiki hata mita 1,000. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na kilele kiko mita 5,895. Nguo ya pamba ikilowa theluji au jasho hunyonya joto la mwili. Fulana na khanga ziacheni Moshi. Vaeni sufu au nguo zisizoshika maji, na makoti huko hukodishwa. Miwani ya jua si urembo: mng'ao wa theluji huunguza macho, maumivu yakaja saa kadhaa baadaye. Mwenzenu akitetemeka, kisha akaacha kutetemeka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, hajapata nafuu. Ni hatari kubwa.

Kisha kuna ugonjwa wa mwinuko, ambao haujali ujana wala mazoezi. Kileleni hewa ina oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo. Hapo mtu asipande zaidi mpaka zipungue. Akiyumba kama mlevi, ubongo umeanza kuvimba. Akihema hali amekaa, au akikohoa povu, maji yamejaa mapafuni. Wote wawili wateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa maana hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kuteremka. Na hapa theluji inarudi tena: ikifunika njia, kumteremsha mgonjwa huchukua muda mrefu zaidi. Safari ya Marangu huweza kufanywa kwa siku 5. Sisi twasema lipieni ya 6, mpumzike Horombo. Ni fedha nyingi, tunajua.

Homa nayo isidhaniwe kuwa ya mlima. Anayetoka huku kwetu huweza kuwa ameondoka na malaria mwilini, ikamtokea njiani. Apimwe kabla ya safari.

Wajawazito wasipande, wala wenye upungufu wa damu ambao hawajatibiwa. Mgonjwa wa selimundu asipande kabisa, kwa kuwa uhaba wa oksijeni hufanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi kitu, huweza kuumia wengu akiwa juu, hivyo amwone daktari kwanza. Wazazi wengi hawajui mtoto wao yuko upande gani. Damu hupimwa hospitalini, na anayetaka kupanda Desemba aje Oktoba, kabla hajalipa nauli.