Kanuni ya matumizi tunayoihitaji si ile ya Ulaya

Mwanafunzi wa shule ya upili pale Ngaremara, kwenye barabara kuu itokayo Isiolo kuelekea Archer's Post, aghalabu hahitaji kufunzwa kwamba Everton ilipokonywa alama 10 mnamo Novemba 2023 kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa katika Ligi Kuu ya Uingereza. Atakwambia kuwa alama nne zilirejeshwa baada ya rufaa, kisha mbili zikakatwa tena, na kwamba Nottingham Forest nayo ilipoteza alama nne Machi 2024 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Lakini mwulize ni kwa nini Sony Sugar ya Awendo ilifukuzwa katika ligi ya nchi yake mwenyewe mwaka 2019, naye atakukodolea macho. Kosa si lake. Sisi wakubwa ndio tuliozoea kuijadili fedha ya soka ya wenzetu na kuifumbia macho ya kwetu.

Sony Sugar haikuwa timu ya mchangani. Mwaka 2006 ilitwaa ubingwa wa Kenya. Miaka 13 baadaye ilishindwa kufika uwanjani mara tatu kwa kukosa fedha, na kanuni za ligi zikaiondoa. Haikuwa na ugonjwa wa peke yake. Agosti mwaka huo kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa ikidhamini ligi na pia klabu kubwa za Gor Mahia na AFC Leopards, iliuvunja udhamini wake wote humu nchini baada ya kuvutana na serikali juu ya leseni na kodi. Ligi nzima ikabaki uchi. Julai 2020 ikaja kampuni nyingine ya kamari, BetKing, na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2. Mkataba huo haukufika hata mwaka wake wa pili. (Kwamba kwa miaka mingi tumeulisha mchezo wa vijana kwa fedha za kamari, na vijana hao hao ndio wanaoliwa fedha zao na kamari, ni jambo linalostahili makala yake peke yake.)

Mfugaji wa Ngaremara angeutambua mkasa huu bila ya kuelezwa. Mvua ilipokosekana msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, mifugo ilikufa kaskazini mwote. Hata hivyo, katika mwaka mwema au mbaya, mzee mwenye heshima zake hamwahidi mkwewe ng'ombe wasiokuwamo zizini. Klabu zetu zafanya hivyo kila msimu. Zatia saini mikataba ya mishahara kwa fedha ambazo mwenyekiti anatumaini zitatoka kwa mfadhili ambaye hajapatikana, au kwa viingilio vya mechi ambayo haijachezwa.

Wapo wanaosema dawa ni kuiga kanuni za Ulaya. Tuzitazame basi. UEFA ilianza kuzibana klabu mwanzoni mwa mwongo wa 2010 kwa kuzitaka zisitumie kupita zinavyochuma. Mwaka 2022 ikaja na kanuni mpya: gharama ya kikosi, yaani mishahara, ununuzi wa wachezaji na malipo ya mawakala, isizidi sehemu fulani ya mapato. Sehemu hiyo ilianza na asilimia 90 katika msimu wa 2023/24, ikashuka hadi 80, kisha 70 kuanzia msimu wa 2025/26. Kwa hesabu ya darasani, klabu inayochuma shilingi milioni 10 isitumie zaidi ya milioni saba kwa kikosi chake.

Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya matajiri wanaomwaga fedha kwa pupa ya ubingwa. Ugonjwa wetu ni mwingine. Klabu ya Kenya haina bwanyenye wa kuzuiwa. Mwenyeji wa mechi hulipia uwanja, usalama na gari la wagonjwa, na mara nyingine alichokusanya langoni hakitoshi hata kwa hayo. Isitoshe, kanuni ya asilimia ingezigusa klabu za wanachama na kuziacha timu za taasisi zikipeta. Kenya Police ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 2025, nyuma yake ilikuwapo idara nzima ya serikali. Ulinzi Stars ni ya jeshi, Bandari ni ya mamlaka ya bandari. Mapato ya timu kama hizo yatapimwaje, ikiwa mchezaji ni mwajiriwa wa taasisi na mshahara wake hautegemei tiketi hata moja? Siwalaumu. Walau kwao mwisho wa mwezi hufika. Lakini tusijidanganye kwamba wako katika mizani moja na AFC Leopards.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi ya hilo. Mchezaji au kocha wa kigeni asipolipwa Kenya, hupeleka kesi yake FIFA. Akishinda, klabu hupigwa marufuku ya kusajili wachezaji hadi ilipe. Gor Mahia na AFC Leopards zote zimeonja marufuku hiyo. Mwaka 2023 Gor Mahia, ikiwa bingwa wa nchi, haikushiriki Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa sababu haikutimiza masharti ya leseni ya CAF, na madeni yalikuwa ndiyo kiini. Lakini mchezaji wa Kenya anayeidai klabu ya Kenya hana mlango huo, maana FIFA husikiliza migogoro inayovuka mipaka ya nchi. Yeye huelekezwa kwa vyombo vya humu humu, likiwamo Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Matokeo yake klabu yenye shilingi chache humlipa kwanza yule anayeweza kuiumiza, na kijana wa nyumbani akabakia kuambiwa avumilie. Kijana huyo ndiye yule wa Ngaremara tunayemwambia kila siku kuwa kipaji ni ajira.

Naye ana mlima wa ziada. Itazame ramani ya mabingwa wetu tangu ligi ilipoanza mwaka 1963: Nakuru, Nairobi, Mombasa, Naivasha, Awendo. Isiolo haimo, wala Marsabit, wala Wajir. Timu ya Isiolo ikipanda ngazi, safari moja ya kwenda Mombasa na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,500, ilhali Gor Mahia na Leopards zaweza kuchuana bila ya basi kutoka nje ya Nairobi. Mafuta, chakula na malazi ya watu 25 havipungui kwa sababu klabu ni changa. Kanuni yoyote ya matumizi isiyoihesabu barabara itaufunga mlango kwa kaskazini huku ikijiita haki. Udhamini wa ligi unapopatikana, sehemu yake igawanywe kwa kilomita, kabla ya kugawanywa kwa nafasi kwenye jedwali.

Uongozi wa Shirikisho la Soka Kenya uliochaguliwa Desemba 2024 hauna haja ya kubuni mengi. Klabu isiruhusiwe kumsajili mchezaji mpaka ionyeshe benki fedha za mishahara ya angalau miezi mitatu, ziwe ni za mfadhili, za wanachama au za kaunti. Hesabu zake zichapishwe kabla ya mechi ya kwanza, kwa lugha ambayo mwalimu wa biashara aweza kuiweka ubaoni na wanafunzi wake wakaikagua. Baadhi ya walimu wa michezo katika shule zetu tayari hutunza daftari la nauli na maji ya kunywa kwa uaminifu unaowapita wenyeviti wa klabu wenye suti.

Tangu 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuipa klabu ilani ya siku 15, na isipolipa, kuuvunja mkataba na kwenda zake. Kifungu hicho kiandikwe kwa Kiswahili katika kila mkataba wa ligi yetu, na asomewe kijana mbele ya mzazi wake kabla ya kutia saini.