MTAZAME MDOMO KABLA YA KUMPONDA

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, niliwaua walinzi kumi na mmoja asubuhi moja, tena kwa ndara. Nasema walinzi kwa sababu ndivyo walivyokuwa, ingawa siku ile niliwaita wezi.

Mamangu ana kishamba cha kukodi hapa Munyaka, mistari kama ishirini hivi ya maharagwe, na kando yake sukumawiki. Maharagwe hayo ndiyo chakula chetu, na yanayobaki huuzwa ndipo nikapata vitabu. Basi mwezi wa Juni, maua yalipotoka, mama akaona wadudu wekundu wenye mabaka meusi wakitembea juu ya majani kana kwamba shamba ni lao. Akaniambia, "Wewe, kabla hujaenda shule hebu wamalize hao." Nami nikawamaliza.

Mmoja alinishangaza. Alikuwa amekaa juu ya kifungu cha mayai, upande wa chini wa jani. Nilipoligeuza lile jani hakuruka wala hakukimbia. Aliinua tu miguu yake ya mbele. Nikamponda pamoja na mayai yake. Wiki mbili baadaye viwavi walikuwa wametoboa maua na maganda. Siwezi kuapa kuwa kosa lote lilikuwa langu, maana viwavi msimu ule walikuwa wengi mtaa mzima, lakini nilijua waliotoka wazima pale shambani ni nani.

Mdudu wa kumi na mbili nilikuwa nimemtia katika chupa ya jemu nimpeleke labu. Mwalimu wetu wa Baiolojia hakuuliza rangi yake. Aliniuliza, "Umemtazama mdomo?" Akanipa kioo cha kukuzia. Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Kunguni, jamani, si yule wa kitandani pekee. Ni ukoo mkubwa wa wadudu ambao hawana meno. Wana mdomo kama sindano. Wengine huidunga mimea na kufyonza maji yake, na wengine huwadunga wadudu wenzao. Hawa wa pili, ninaowaita kunguni wawindaji, ni jamii yenye aina zipatazo elfu saba duniani. Anayefyonza mmea ana mdomo mrefu, mwembamba, ulionyooka, wenye pingili nne, naye huulaza chini ya tumbo kama fimbo ya mzee aliyelala. Mwindaji ana mdomo mfupi, mnene, uliopinda kama mundu, na pingili zinazoonekana ni tatu. Ncha yake huiweka katika kifereji kilicho katikati ya miguu ya mbele. Kifereji hicho kina mikwaruzo, na akishikwa huisugua ncha pale akatoa mlio mwembamba. Mimi niliusikia kwa kuiweka chupa sikioni.

Halafu tazama shingo. Kichwa cha mwindaji ni chembamba, na nyuma ya macho kimebanwa kama shingo hasa. Wale wa kijani wanaonuka, ambao hufyonza maganda ya maharagwe, wana kichwa kilichozama mabegani.

Rangi ndiyo iliyonidanganya, na nadhani ndiyo inayotudanganya sote. Wadudu wadogo weusi wenye madoa ya rangi ya machungwa wanaokausha sukumawiki ni wezi kweli. Wale wekundu wanaotia pamba madoa ni wezi. Mwindaji naye ni mwekundu na mweusi. Hapo nyekundu itakusaidia nini? Nilifanya jaribio langu mwenyewe: nikamtilia yule wa chupani jani bichi la haragwe. Siku mbili hakuligusa. Nikamtilia kiwavi, na kabla sijafunga kifuniko vizuri alikuwa amekwisha kumdunga. Mate yake humlegeza windo, kisha huyeyusha nyama za ndani, naye akafyonza kama sisi tunavyofyonza soda kwa mrija. Ganda tupu ndilo lililobaki.

Sasa, kuwatenganisha wawindaji wenyewe kwa wenyewe ndiyo kazi ngumu. Wale wa shambani kwetu ni wa kundi liitwalo Rhynocoris, na ndani ya kundi hilo zimo aina nyingi zinazofanana. Aina nyingine hutofautiana kwa jambo la ajabu, yaani nani anayelinda mayai. Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970, alichapisha mwaka 1959 habari za aina moja ambayo dume ndiye anayekaa juu ya mayai. Katika aina nyingine za kundi hilohilo ni jike. Mlinzi huwazuia nyigu wadogo wanaotaka kutaga ndani ya mayai yale. Tena kuna aina ambayo dume hula mayai machache ya pembezoni akiwa lindoni. Labda ndiyo posho yake! Kwa hiyo yule niliyemponda huenda alikuwa baba.

Kuna jamaa yao mwingine, Acanthaspis petax, anayeishi upande wa Ziwa Viktoria. Huyu anapokuwa mtoto hubeba maiti za siafu na sisimizi mgongoni, rundo kubwa kumzidi mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba buibui warukaji humshambulia mara chache akiwa na mzigo huo kuliko akiwa uchi. Ukiona rundo la sisimizi wafu likitembea, mtafute chini yake.

Onyo moja kwa wale watakaokimbilia shambani jioni hii: usimshike kwa mkono. Ndugu yangu mdogo alimshika, akadungwa kidoleni, akalia kushinda alivyolia alipoumwa na nyuki. Jirani akasema atapata ugonjwa. La. Huko Amerika ya Kusini wapo jamaa za kunguni hawa wanaofyonza damu ya watu na kueneza ugonjwa wa Chagas, lakini hawa wetu wa maharagwe windo lao ni wadudu. Kidole kilivimba, kesho yake akacheza mpira.

Mama hakuniamini kwa maneno. Aliamini alipoona mambo ya chupani, akanyamaza, kisha akauliza, "Na dawa je?" Dawa huwaua wote, mwizi na mlinzi. Tukakubaliana kwamba msimu huu nikague kwanza, naye apulize pale nitakapomwonyesha wezi tu. Leo asubuhi, mstari wa tatu, chini ya jani, nimemkuta mmoja amekaa juu ya mayai. Nimefunga uzi mweupe kwenye shina lile ili mama apite mbali na bomba lake.