Kumshitaki Raisi wa Jamhuri: ni wakati gani jambo hilo ni la haki?



Tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, swali moja linarudi kati yetu baada ya ibada, katika vikundi vya maombi na hata kwenye matanga: je, Raisi wa inchi anaweza kuondolewa kabla ya muda wake kuisha? Wengine wanasema ashitakiwe, kwa sababu miji ilianguka na watu wakaachwa. Wengine wanasema mkristo asiguse kabisa jambo hilo, kwa sababu mamlaka imewekwa na Mungu. Na wako wanaosema kwamba makaratasi ya Kinshasa hayasaidii kitu, ni bunduki tu inayoondoa mtu kwenye kiti.

Hatuandiki ili kumtetea Raisi wa leo wala kumwangusha. Tunaandika kwa sababu mengi yanayosemwa juu ya jambo hili si ya kweli, na mtu asiyeijua njia ya sheria huvutwa kwa urahisi kwenye njia nyingine.

Katiba inasema nini

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haimwachi Raisi juu ya sheria. Kifungu cha 164 kinasema kwamba Korti ya Katiba ndiyo inayomhukumu Raisi na Waziri Mkuu kwa makosa waliyofanya katika kazi yao. Makosa yenyewe yametajwa: uhaini mkubwa, kulidharau Bunge, kuvunja heshima na uaminifu wa kazi, kutumia habari za siri za kazi kwa faida ya mtu binafsi, na makosa mengine ya kawaida yaliyofanywa katika kazi.

Kifungu cha 165 kinafafanua. Uhaini mkubwa ni Raisi kuvunja Katiba kwa makusudi. Ni pia kushiriki katika uvunjaji mzito wa haki za watu, au kuachilia sehemu ya udongo wa taifa kwa wengine. Kuvunja heshima na uaminifu ni mambo kama wizi wa mali ya serikali, rushwa, na utajiri usio wa halali. Kulidharau Bunge kunamhusu Waziri Mkuu anayeulizwa maswali na kukaa siku 30 bila kujibu.

Nani anaanzisha mashitaka? Si jenerali, si chama, wala si mkutano wa barabarani. Kifungu cha 166 kinasema Bunge la Taifa na Seneti wakutane pamoja katika Kongresi, na theluthi mbili za wajumbe wapige kura ya kukubali. Bunge lina viti 500 na Seneti zaidi ya 100. Kwa hiyo zinahitajika kura zaidi ya 400.

Lakini hata kura hizo hazimwondoi Raisi. Zinamfikisha tu mbele ya Korti ya Katiba, yenye waamuzi 9: watatu walichaguliwa na Raisi mwenyewe, watatu na Bunge, na watatu na baraza kuu la waamuzi. Korti ikimkuta na hatia, kifungu cha 167 kinasema anapoteza kiti chake. Hapo mkuu wa Seneti anashika nafasi kwa muda, na uchaguzi unafanywa kati ya siku 60 na 90, au siku 120 kama kuna kizuizi kikubwa.

Tusichanganye jambo hili na kura ya kuangusha serikali. Mwezi wa Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura dhidi ya serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye akajiuzulu. Hiyo ni njia ya siasa: Bunge linasema halina tena imani na serikali, na nusu ya wabunge wote na mmoja zaidi inatosha. Raisi haondolewi kwa njia hiyo, kwa sababu yeye alichaguliwa na wananchi wenyewe. Kwake lazima kuwe na kosa, ushuhuda na hukumu.

Kwa nini mlima ni mrefu hivi?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini njia imefanywa ngumu. Historia yetu inajibu. Tarehe 5 Septemba 1960, miezi miwili tu baada ya uhuru, Raisi Joseph Kasavubu alitangaza kwenye radio kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Lumumba akajibu kwenye radio kwamba Kasavubu ndiye aliyeondolewa. Bunge likakataa uamuzi wa pande zote mbili, lakini hakuna aliyelisikiliza. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akasema amewasimamisha wote wawili. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga.

Baadaye Mobutu alichukua inchi yote mwaka wa 1965, akaondolewa kwa vita mwaka wa 1997, na Laurent-Désiré Kabila akauawa Januari 2001. Mara ya kwanza Raisi kumkabidhi mwenzake kiti kwa amani ilikuwa tarehe 24 Januari 2019. Inchi yetu haijawahi hata mara moja kumwondoa Raisi kwa hukumu ya korti. Kila mara aliyeondolewa aliondolewa kwa nguvu, na damu ya watu wadogo ndiyo iliyolipa.

Wengine wamefanyaje?

Korea ya Kusini imepita njia hii zaidi ya mara moja. Mwaka wa 2004 Bunge lao lilimshitaki Raisi Roh Moo-hyun. Korti ya Katiba ilisema ndiyo, kuna sheria ya uchaguzi aliyoivunja, lakini kosa hilo si zito kiasi cha kuondoa mtu aliyechaguliwa na taifa. Akarudi kazini. Miaka 20 baadaye, Desemba 2024, Raisi Yoon Suk-yeol alitangaza utawala wa kijeshi usiku na kutuma askari kwenye Bunge. Wabunge 204 kati ya 300 walimshitaki, na tarehe 4 Aprili 2025 waamuzi wote 8 walikubaliana kumwondoa. Ni korti ileile na sheria ileile. Kilichotofautiana ni uzito wa kosa.

Karibu nasi, Kenya ilimwondoa Makamu wa Raisi, Rigathi Gachagua, Oktoba 2024. Wabunge 281 walimshitaki, na Seneti ikamkuta na hatia kwa mashitaka 5 kati ya 11. Lakini siku ya kujitetea alikuwa hospitalini, na Seneti ikaendelea bila yeye. Wakenya wengi waliuliza kama mtu anaweza kuhukumiwa kwa haki bila kusikilizwa. Swali hilo linatuonyesha kwamba hata wenye kura za kutosha wanaweza kuharibu jambo lao kwa kuharakisha.

Basi, ni wakati gani ni haki?

Kwa sisi, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kusema Raisi ashitakiwe.

La kwanza: je, ni kosa au ni kushindwa? Hapa ndipo mazungumzo yetu mengi yanapotea. Kupoteza mji katika vita ni msiba mkubwa, lakini peke yake si uhaini. Uhaini ni kuachilia udongo wa inchi kwa makusudi, kwa mapatano au kwa faida. Anayesema Raisi ameuza Kivu anatakiwa kuonyesha mapatano hayo. Kama hana ila hasira, na sisi sote tunayo hasira, basi njia yake ni nyingine: wabunge waunde kamisheni ya kuchunguza, waziri wa ulinzi aulizwe, serikali iangushwe, au wananchi wangoje kura.

La pili: ushuhuda uko wapi? Torati katika Kumbukumbu 19 inakataa mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Na tukumbuke Naboti katika 1 Wafalme 21. Yezebeli hakutuma majambazi usiku. Aliitisha baraza, akaleta mashahidi wawili wa uongo, na kila kitu kilionekana kuwa cha sheria. Sheria inaweza kutumiwa kuua haki.

La tatu: je, kosa ni zito kiasi kwamba kungoja uchaguzi kutaharibu inchi? Kwa mfano, kifungu cha 220 kinakataza kubadilisha hesabu na urefu wa mihula ya Raisi. Kuzungumza juu ya kubadilisha vifungu vingine kwa njia iliyowekwa si kosa. Lakini Raisi ambaye angebaki kwenye kiti kwa kuvunja kifungu hicho kwa makusudi asingeweza kuambiwa angoje uchaguzi, maana uchaguzi wenyewe ndio ungekuwa umefungwa.

La nne: je, kipimo ni kimoja? Kama kosa lilelile lingefanywa na mtu wa jimbo langu, wa kabila langu au wa kanisa langu, ningesema vilevile? Anayejibu hapana anatafuta kiti, hatafuti haki.

Maswali haya si mageni kwetu. Katika makanisa yetu mchungaji haondolewi kwa sababu mahubiri yake ni marefu au kwa sababu ametoka kijiji kingine. Paulo anamwagiza Timoteo asipokee mashitaka juu ya mzee wa kanisa bila mashahidi wawili au watatu, na hapohapo anamwambia asimpendelee mtu. Lakini mchungaji aliyekula sadaka ya wajane, na jambo likahakikishwa, kumwacha kwenye mimbari si upendo.

Na Warumi 13?

Ni kweli, Paulo anafundisha kutii mamlaka. Lakini anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa mema, na mtumishi huulizwa habari za kazi yake. Kumbukumbu 17 inamwagiza mfalme ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Samweli, alipozeeka, alisimama mbele ya watu wote akawaomba waseme kama alichukua ng'ombe au punda wa mtu, au kama alipokea rushwa. Hakuona aibu kuulizwa.

Daudi alikataa kumwua Sauli pangoni, lakini hakunyamaza. Alimwita, akamwonyesha kipande cha vazi lake, akamwambia wazi kwamba anamtendea ubaya. Jean Calvin, mwishoni mwa kitabu chake kikuu, alifundisha kwamba mtu binafsi asijilipize kisasi kwa mtawala, lakini wale waliowekwa na sheria kuwazuia wafalme wanakosa mbele ya Mungu wakinyamaza. Kwetu, watu hao ni wabunge, maseneta na waamuzi.

Kwa hiyo bunduki haiwezi kuitwa mashitaka. Haina shahidi, haina utetezi, na anayeishika ndiye mshitaki na mwamuzi kwa pamoja. Kifungu cha 64 cha Katiba kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumzuia anayechukua utawala kwa nguvu, na pia anayeutumia kwa kuvunja Katiba. Tusisome nusu moja na kuacha nyingine.

Tufanye nini?

Tunajua kwamba kwa wengi wenu maneno haya yanaonekana kuwa mbali. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita. Kumwambia mama aliye kambini amwendee mbunge wake, wakati hakupata nafasi ya kumchagua, ni neno gumu. Hatulifichi. Hata hivyo mama huyo ana haki ambayo vita haijafuta. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuandikia mamlaka ombi, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu.

Makanisa yanaweza kusaidia hapo. Tuandike yaliyotupata: tarehe, mahali, nani aliondoka, nani aliagiza. Tuyatunze kwa uangalifu, bila kuhatarisha maisha ya mtu. Siku moja kamisheni au korti itahitaji mashahidi, na shahidi mwaminifu ni yule aliyeandika alipoona, si aliyekumbuka alipochukia. Wachungaji wasitangaze hukumu ya mtu kwenye mimbari kabla ya korti, lakini wasiwanyamazishe wanaouliza. Na tuendelee kumwombea Raisi, wabunge na waamuzi, kama 1 Timoteo 2 inavyotuagiza. Kumwombea mtu hakutuzuii kumtaka atoe hesabu ya kazi yake.

Bwana awalinde ninyi nyote mlio Mashariki, katika miji, vijiji na kambi. Amina.