Moyo wa Mtoto Darasani

Kiswahili hutumia neno moja, moyo, kwa kiungo kinachosukuma damu na pia kwa makao ya hofu na ushujaa. Mjaluo wa Homa Bay au Migori anayo mawili: adundo ndiyo nyama inayodunda kifuani, ilhali chuny, ambalo pia ni jina la ini, hubeba hisia na nafsi. (Msomaji asikimbilie kudai kwamba adundo na kudunda ni ndugu, mshabaha wa sauti pekee si ithibati ya nasaba.) Mimi si tabibu, ila katika jambo hili naona Kiswahili kimeukaribia zaidi ukweli wa mwili.

Moyo wa mwanafunzi wa shule ya msingi aliyetulia hupiga takriban mara 70 hadi 110 kwa dakika. Akikimbia, waweza kufikia 200, kwani moyo mdogo hutoa damu kidogo kwa kila pigo na hauna budi kuongeza kasi. Akipumzika, mapigo hushuka. Lakini mtoto aliyeitwa mbele ya darasa kuadhibiwa hajapiga hata hatua kumi. Adrenalini humwagika katika damu yake, mapigo yakapanda pamoja na shinikizo la damu, na misuli haina kazi yoyote ya kufanya.

Kando ya Ziwa Victoria, malaria na selimundu ni maradhi ya kawaida. Yote mawili hupunguza damu, hata moyo ukaenda mbio mtoto akiwa dawatini. Mwongezee ndoo ya maji ya alfajiri, au mawe ya dhahabu katika machimbo ya Nyatike. Huyu ndiye tunayemwita mvivu anapobaki nyuma uwanjani! Naye akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, twamwambia ajipe moyo, kana kwamba ametaja chuny, kumbe ametaja adundo.

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo. Hata hivyo, wapo walimu wanaokitetea hadi leo. Hao nawaomba wafanye jambo dogo: wamshike mtoto kifundo cha mkono, wahesabu kwa dakika nzima. Mapigo yasiposhuka baada ya mapumziko, na viganja vimepauka, mtoto apelekwe zahanati. Hesabu yenyewe yaweza kufanywa na wanafunzi katika somo la sayansi, kila mmoja akimpima jirani yake.